Namna ya Kubishania Neno na Rafiki Bila Kuvunja Baraza

Tupo watu sita ambao hukutana karibu kila jioni kwenye kijiwe cha kahawa hapa Dar es Salaam, na kati yetu hakuna wawili waliokulia mahali pamoja. Mmoja ni wa Unguja, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Tanga, mmoja wa Mwanza, mmoja ni mzaliwa wa Kigoma aliyefanya kazi Nairobi kwa miaka mingi, na mimi ni wa Morogoro. Siasa hutugombanisha kidogo na mpira hutugombanisha zaidi, lakini jambo pekee lililowahi kumfanya mwenzetu anyanyuke na kuondoka huku kikombe chake kikiwa bado kimejaa ni neno dengu.

Kwa kuwa riziki yangu inatokana na kusahihisha miswada ya watu, nimebishania maneno barazani na kazini kwa muda wa kutosha kuona kwamba ubishi wa namna hii una utaratibu wake. Nitakachokieleza hapa ni utaratibu huo, na msingi wake niutaje mapema: mara nyingi wawili wanaobishania neno wanajibu maswali mawili tofauti, kila mmoja akiwa sahihi katika swali lake, na kazi ya kwanza ni kuyatenganisha maswali hayo kabla sauti hazijapanda.

Pata sentensi nzima kwanza

Ubishi huanza vibaya neno linapoletwa peke yake. Mtu anauliza, "Hivi masaa ni Kiswahili?" na papo hapo mmoja anasema ndiyo, mwingine anaapa kuwa si Kiswahili hata kidogo. Kabla hujajibu, omba sentensi kama ilivyotamkwa, na ukiweza iandike.

Mwenzetu wa Mwanza alisema, "Nimekusubiri masaa matatu," na wa Unguja akamrukia kwamba saa ni saa, iwe moja au mia. Kwa kanuni ya Kiswahili sanifu wa Unguja alikuwa na haki, kwa sababu nomino saa imo katika ngeli ya I-/ZI- na haibadiliki katika wingi. Hata hivyo, tulipoandika sentensi ile kwenye karatasi iliyofungiwa kashata na kuweka "saa tatu" mahali pa "masaa matatu", ilisomeka "Nimekusubiri saa tatu," na wawili kati yetu wakaelewa kwamba miadi yenyewe ilikuwa saa tatu asubuhi. Aliyesema masaa alikuwa na sababu ingawa hakuweza kuieleza: alikuwa anatenganisha muda uliopita na wakati unaosomwa kwenye saa ya ukutani. Sanifu nayo ina njia yake ya kutenganisha, kama vile "kwa muda wa saa tatu", na mwandishi makini ataitumia. Tangu siku hiyo hujiuliza umbo linaloitwa kosa linafanya kazi gani katika sentensi kabla sijalifuta. Katika miswada bado nalifuta, ila sasa najua ninachokifuta. (Wapo watakaosema hiyo "ila" niliyoitumia hapo ingepaswa kuwa "lakini". Ubishi huo tumeshaufanya, na uliisha usiku.)

Amueni mnabishania nini

Sentensi ikishapatikana, ulizeni swali lenyewe ni la namna gani. Kama ni la upatanisho wa kisarufi, halihitaji jioni nzima. Anayesema "nyimbo hii nzuri" amechukua umbo la wingi akalipa upatanisho wa umoja. Mwambie ataje nyimbo mbili, kisha aitaje moja, naye mwenyewe atafika kwenye "wimbo huu". Kama anajua kanuni na bado anachagua kusema nyimbo hii kwa sababu mtaani kwao kila mtu husema hivyo, basi hakuna ubishi tena wa kisarufi. Kinachobaki ni kuulizana kama anaandika barua ya kazi au anapiga soga.

Kama swali ni la fani, muulizeni mwenye fani, lakini mjue kwamba fani ni nyingi. Kwa mkulima wa Usukumani mbuga ni ardhi tambarare ya udongo mweusi, unaonata hadi kuvua viatu mvua ikinyesha. Kwa anayewapeleka wageni kutazama simba, mbuga ni huko kwenye simba. Kwenye nyaraka na mabango ya serikali ya Tanzania mahali hapo pa simba panaandikwa Hifadhi ya Taifa. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehitaji kusahihishwa, mradi asimlazimishe mwenzake aliyemo katika fani nyingine. Ni sawa na diwani: Tanzania huwakilisha kata, Kenya eneo la namna hiyo huitwa wadi, na kubishania lipi ni sahihi ni kama kubishania upande sahihi wa mto.

Uliza kitu, usiulize neno

Hapa ndipo penye mzizi wa ugomvi mwingi, na ndipo nitakapokaa kwa muda. Mwenzetu wa Kigoma, kwa mazoea yake ya Nairobi, alikwenda dukani akaagiza nusu kilo ya ndengu. Mwenye duka akasikia dengu, akampimia dengu. Mwenzetu alipofika nyumbani akakuta punje za kahawia asizozikusudia, akaja kijiweni akidai kwamba wenye maduka wa mji huu hawajui Kiswahili. Wa Tanga akamjibu kwamba asiyejua Kiswahili ni yule anayeita choroko dengu. Maneno yakazidi, na ndipo kikombe kikaachwa kimejaa.

Kesho yake wa Tanga, ambaye ndiye mwenye busara kutuzidi, alikuja na vifuko viwili vya nailoni, akamwaga nafaka juu ya sinia la kahawa katika mafungu mawili. Hakuuliza neno lipi ni sahihi. Alionyesha fungu la punje ndogo za kijani na kumuuliza kila mmoja, "Hizi kwenu zinaitwaje?" Mimi na yeye tulisema choroko. Wa Unguja akasema chooko. Wa Mombasa akasema, "Hizi pojo, bwana. Hizo choroko nimezisikia kwenu." Wa Kigoma akasema ndengu, kama wasemavyo Nairobi. Alipoonyesha fungu la pili, punje za kahawia zenye kijidomo kama cha kifaranga, sisi wa huku tukasema dengu bila kusita, na wa Kigoma akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana, kwa kuwa aliona kwamba herufi moja ya mwanzo ndiyo iliyompelekea chakula kingine mezani.

Faida ya kuuliza kwa kuonyesha kitu ni kwamba humpi mtu jibu. Ukimuuliza mgeni, "Nanyi kwenu husema choroko, sivyo?" atakuitikia kwa adabu, nawe utaondoka na ushahidi uliojitengenezea mwenyewe. Kitu kikiwa hakishikiki, eleza hali na umwache aipe jina. Badala ya kuuliza kama watu husema skuli au shule, mwambie akueleze mtoto wake anakwenda wapi asubuhi. Wa Zanzibar atakwambia skuli, wa bara atakwambia shule, na ukipenda unaweza kuwakumbusha wote wawili kwamba la kwanza lilitoka kwa Waingereza na la pili kwa Wajerumani, kwa hiyo hakuna anayeweza kumcheka mwenzake kwamba ameazima.

Tofauti za mahali huuma zaidi pale ambapo neno ni lile lile na maana ndiyo inayohama, kwa sababu hapo hakuna anayeshtuka. Mwenzetu wa Unguja alitualika nyumbani kwake kwenye maulidi, akatuambia kwa ulimi wake mwenyewe, "Msikose, ni usiku wa Ijumaa." Mimi na wa Mwanza tulifika Ijumaa baada ya Isha tumevaa kanzu, tukakuta turubai limekunjwa na vijana wanakosha masufuria ya biriani. Yeye alikuwa amenuna tangu jana yake kwa kuona tumemdharau, nasi tukaona tumefanyiwa mzaha. Ubishi ulichukua jioni mbili nzima.

Ukweli ni kwamba katika hesabu ya pwani, inayokwenda pamoja na ya Kiislamu, siku huanza jua likichwa, kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao aliyezoea kuhesabu siku kuanzia usiku wa manane atauita Alhamisi usiku. Majina ya siku zenyewe yamebeba hesabu mbili: Jumatano ni siku ya tano kwa anayeanza kuhesabu na Jumamosi, na Alhamisi inayoifuata nayo ni "ya tano" kwa Kiarabu, kwa anayeanza na Jumapili. Lugha yenye siku mbili za tano zinazofuatana haiwezi kukosa wageni wanaochelewa maulidi. Tulichokubaliana ni kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", kama wasemavyo watangazaji wa redio, kwa sababu maneno hayo hayana njia mbili. Huo ndio mwisho mzuri wa ubishi wa aina hii: hakuna aliyehama kwao, ila mmepata usemi wa tatu ambao wote mnaufahamu kwa namna moja.

Lijaribu neno kwenye vitu vya mpakani

Mkitaka kujua maana ya neno mnalolitumia wote, msianze kwa kutunga fasili. Tajeni vitu, kimoja kimoja, na muone neno linakubali kipi na linakataa kipi. Siku moja wa Kigoma alisema, "Jana nilimwazima fundi elfu ishirini." Wa Tanga akamkatiza: "Hukumwazima, ulimkopesha. Au unataka akurudishie noti ile ile?"

Tukaanza kutaja. Baiskeli huazimwa, kwa sababu inayorudi ni ile ile. Mwavuli vivyo hivyo. Kalamu ilileta maneno kidogo kwa kuwa wino hupungua, lakini kalamu yenyewe hurudi, kwa hiyo ikapita. Fedha hukopwa, kwa kuwa kinachorudi ni kiasi kilicho sawa. Mpaka hapo fasili ilionekana imekamilika: kuazima ni kuchukua kitu kitakachorudi chenyewe, kukopa ni kuchukua kitu kitakachorudi kwa mfano wake. Kisha mtu akataja sukari. Mtoto wa jirani anakuja na kikombe na kusema, "Mama anasema umwazime sukari," na hakuna anayetarajia kurudishiwa punje zile zile. Wa Mwanza akasema huo ni uzembe wa lugha tu. Wa Tanga akasema hapana: sukari ya dukani kwa Mangi hukopwa, kwa sababu inaandikwa kwenye daftari na utadaiwa, sukari ya jirani huazimwa, kwa sababu kukopa kuna uzito wa deni na majirani hawataki kuwekeana uzito huo. Mimi nipo upande wa wa Tanga. Fasili yetu ilikuwa imehesabu kitu na ikasahau watu wawili waliosimama mlangoni, na bila kikombe kile cha sukari tusingeliona pengo hilo.

Katika majaribio ya namna hii angalieni pia viambishi. Ubishi mwingine wa kitenzi hicho hicho ni kama azima maana yake ni kutoa au kupokea, na jibu hupatikana mkisoma sentensi mbili kwa sauti: "Nimeazima kitabu" na "Nimemwazima kitabu". Katika ya kwanza kitabu kimekuja kwangu, katika ya pili kimekwenda kwake, na kilichobadilika ni kiambishi kimoja. Wapo wanaosisitiza kwamba katika ya pili ungetumia kuazimisha. Waacheni waseme hivyo, mradi wasidai kwamba hawakuelewa.

Fungueni kamusi kwa makubaliano

Kamusi ikiletwa mapema mno huua mazungumzo, na ikiletwa bila masharti huzaa ubishi mwingine. Kubalianeni kwanza mtaifungua ipi na kwa swali gani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inakwambia lililokubaliwa kuwa sanifu. Kamusi la Kiswahili Fasaha la Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la mwaka 2010, lina sikio la visiwani. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ya mwaka 2015, imekusanya maneno mengi ya karibuni. Msomaji makini ameshaona kwamba vyombo hivi havikukubaliana hata kwenye jalada: kimoja kimeandika kamusi la, vingine kamusi ya. Mtu akikwambia kwamba kamusi imemaliza ubishi, muombe kwanza akutajie kamusi hiyo iko katika ngeli gani.

Mkishafungua, someni kidahizo chote, yaani neno na maelezo yake yote, hadi mwisho. Kasoro ya wabishi, nami nikiwemo, ni kusimama kwenye maana ya kwanza inayotupendeza na kufunga kitabu kabla mwenzako hajafika kwenye ya tatu, ambayo ndiyo yake. Kumbukeni vilevile kwamba neno kutokuwemo hakuthibitishi kuwa halipo. Kunathibitisha tu kwamba waliokusanya hawakulikuta au hawakulikubali.

Na anayetumia neno "sanifu" kama rungu aelezwe lilikotoka. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wakati Kimvita nacho kilikuwa na watetezi wake, na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala wenye manufaa yake, hasa kwa vitabu vya shule, nami naufuata kila siku kazini. Lakini mama wa Mombasa anapomwita mwanawe "Ndoo hapa!" hajakosea njoo wala hajataja chombo cha kutekea maji, anasema Kimvita, kilichokuwepo kabla ya mkutano huo.

Asili ya neno isitumike kama hukumu

Hili nilipitie haraka. Gereza limetokana na igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likaja kutumika kwa ngome, na leo ni mahali pa kufungia watu. Habari hiyo ni tamu kusimulia na haina nguvu yoyote juu ya maana ya leo. Anayesema kwamba maana halisi ya neno ni ile iliyozaliwa nalo, muulize kama yupo tayari kufunga ndoa gerezani.

Wakati, adabu na malipo

Chagua wakati. Rafiki yangu mmoja alikuwa ananisimulia jinsi mwanawe alivyolazwa ghafla, akasema walikaa mapokezi masaa manne, nami, kwa maradhi ya kazi yangu, nikamwambia, "Saa nne." Alinyamaza. Habari za mtoto nilikuja kuzipata kwa mtu mwingine. Anayeeleza shida, anayeomba kitu na anayezungumza mbele ya wakwe zake hasahihishwi, hata kama ametamka jambo la kukuwasha masikio.

Kwa mkubwa wako kiumri, usiseme "umekosea". Sema, "Babu, kwenu mwasemaje?" naye atakupa neno lake pamoja na maneno mengine kumi ambayo hungeyapata kwa kumpinga. Kwa rika lako unaweza kuwa mkali zaidi, lakini ukishindwa, shindwa wazi: "Hapo umenishinda, yaishe." Anayesema "mimi sikumaanisha hivyo" baada ya nusu saa ya kumaanisha hivyo hafai kunywa kahawa ya mwenzake. Sisi tumefuata desturi ya vitendawili, ambapo aliyeshindwa hutoa mji; kwetu mji ni duru moja ya kahawa na kashata kwa wote, na hutangazwa kabla ubishi haujaanza. Kukiwa na malipo, watu hupunguza kuapa.

Wekeni pia daftari. Letu anatunza wa Tanga, na kila ubishi una mistari minne: neno, sentensi lilimotoka, tarehe, na kila mmoja alilipata wapi. Lililo wazi hadi sasa ni mtondo. Wa Unguja na wa Tanga wanalitumia kwa siku inayofuata keshokutwa, na inayofuata hapo wanaiita mtondogoo. Wa Mwanza anasema hajawahi kulisikia na kwamba watu wa siku hizi hutaja jina la siku tu. Tumeamua kulijaribu. Leo ni Jumatatu, na wa Tanga ametutumia ujumbe wa simu sote watano: "Tukutane mtondo, saa kumi." Hakuna anayeruhusiwa kumuuliza mwenzake.